Ratiba ya Karakana: Anza na Ubao Kabla ya Kununua Programu

Oda zimerundikana na mtaji ni mdogo? Usikimbilie programu ya kupanga kazi. Machaguo yako manne ni haya.

Ubao na chaki. Kama kila oda inapita kwa mkataji kisha kwa mshonaji, tumia kanuni ya mwanahisabati Mmarekani S. M. Johnson ya mwaka 1954. Tafuta muda mfupi kuliko yote. Ukiwa wa kukata, oda hiyo itangulie. Ukiwa wa kushona, iwe ya mwisho. Iweke kando, kisha rudia kwa zilizobaki.

Tuseme mapazia yanahitaji saa 4 za kukata na 1 ya kushona, sare 3 na 4, magauni 2 na 5. Ukizifanya kwa mpangilio huo, utamaliza baada ya saa 16. Ukianza na magauni, ukafuata sare, ukamalizia mapazia, ni saa 12. Kwa hatua mbili hizo hakuna mpango utakaomaliza mapema zaidi, kwa hiyo usimlipe mtu. Zikifika hatua tatu, uhakika huo haupo tena.

Kupanga kwa makundi. Shona pamoja oda za kitambaa na uzi wa aina moja. Hulipi kitu, na unaokoa muda wa kubadilisha uzi. Gharama imejificha kwa mteja wa haraka ambaye kundi lake liko nyuma.

Programu ya majedwali. Huenda tayari unayo. Zana ya kutafuta jibu bora iliyomo kwenye ile maarufu inaishia vigeu 200, yaani thamani inazozitafuta. Kupanga kazi 14 kwenye mashine moja, kigeu kimoja kwa kila kazi katika kila nafasi, kunakula 14 × 14, yaani 196. Ya 15 haiingii.

Programu maalumu. Za bure zipo na zina nguvu, ila utamlipa mtaalamu wa kuandika modeli. Za leseni huwa na kasi zaidi kwenye kazi kubwa. Kabla ya kusaini, uliza ada ya kila mwaka, ya kila mtumiaji, ya mafunzo na ya marekebisho.

Njia zote zinategemea muda uliopimwa vizuri. Ukikisia, hata ya ghali itakupa ratiba mbovu. Wiki hii nunua daftari, andika kila kazi inachukua muda gani, kisha tumia ubao. Lipia programu pale tu ambapo faini na oda zinazopotea kwa kuchelewa zinazidi ada yake.