Kipakatalishi kikikataa mtandao baada ya ruta kubadilishwa

MARA nyingi mtu abadilishapo mipangilio ya ruta nyumbani au ofisini, simu huendelea kupata intaneti ilhali kipakatalishi hukataa katakata. Hali hiyo huwa mwiba hasa katika siku za mwisho za Juni, wakati walipa ushuru wanapong'ang'ana kuwasilisha ripoti zao kwa Mamlaka ya Ushuru nchini (KRA) kupitia iTax kabla ya makataa ya Juni 30. Wengi hukimbilia fundi na kulipia tatizo ambalo wangelitatua wenyewe kwa dakika chache.

Aghalabu kipakatalishi hicho huwa hakijaharibika. Mashine hiyo huhifadhi jina la mtandao, neno siri na aina ya ulinzi iliyotumika awali. Ruta inapobadilishwa, kipakatalishi huendelea kubisha hodi kwa ufunguo wa zamani. Hivyo basi, hatua ya kwanza ni kufungua orodha ya mitandao ya Wi-Fi, kuchagua jina la mtandao husika na kukiamuru kipakatalishi kiusahau. Baada ya hapo, mtumiaji aunganishe upya na kuandika neno siri jipya, akizingatia herufi kubwa na ndogo.

Iwapo jina la mtandao halionekani kabisa, huenda ruta imewekwa kutumia masafa ya gigahezi 5 pekee. Vipakatalishi vingi vya zamani hutambua gigahezi 2.4 tu. Masafa ya 5 yana kasi zaidi, lakini yale ya 2.4 hufika mbali na kupenya kuta vyema. Suluhisho ni kuiruhusu ruta kutumia yote mawili.

Pengine jina laonekana, neno siri ni sahihi, na bado mlango haufunguki. Hapo aina ya ulinzi ndiyo ya kuchunguzwa. Mfumo wa WPA3, ulioanza kutolewa mwaka wa 2018, hautambuliwi na mashine nyingi zilizotengenezwa kabla yake, zikiwemo zinazotumia Windows 7. Inafaa kuchagua mpangilio unaokubali WPA2 na WPA3 kwa pamoja.

Kosa kubwa hutokea mtumiaji anapokata tamaa na kuuacha mtandao wazi bila neno siri, au kurejelea mfumo mkongwe wa WEP ambao udhaifu wake ulifichuliwa mwaka wa 2001. Anayefanya hivyo huwapa majirani na wapita njia nafasi ya kutumia intaneti anayoilipia, na hata kujaribu kuvifikia vifaa vyake vingine.

Kuna pia hali ambapo kipakatalishi huonyesha kwamba kimeunganishwa ilhali hakuna ukurasa unaofunguka. Ikiwa simu nazo hazipati chochote kupitia Wi-Fi hiyo, kasoro iko kwenye ruta au kwa kampuni inayotoa huduma. Ikiwa ni kipakatalishi pekee, anwani yake ya IP ikaguliwe. Anwani inayoanza kwa 169.254 huashiria kwamba hakikupokea anwani yoyote kutoka kwa ruta. Vilevile, kipakatalishi kilichopewa anwani ya kudumu hupotea njia ruta inapohama, kwa mfano, kutoka 192.168.0.1 hadi 192.168.1.1. Dawa ni kukiwezesha kupokea anwani chenyewe.

Mtumiaji aliyefungiwa nje kabisa anaweza kuunganisha kipakatalishi na ruta kwa waya, kisha akaingia kwenye mipangilio na kurekebisha. Kitufe cha kuirejesha ruta katika hali ya kiwandani kiwe tegemeo la mwisho, kwani hufuta kila kitu. Baadhi ya ruta huhifadhi jina la akaunti na neno siri zilizowekwa na kampuni ya intaneti. Zikifutwa, nyumba nzima hubaki bila mtandao hadi kampuni hiyo itakapopigiwa simu.

Njia bora ya kuepuka masaibu hayo ni kubadilisha jambo moja tu kwa wakati, kulijaribu, na kuandika mipangilio ya awali kwenye karatasi kabla ya kuigusa. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na mipangilio ya ruta ni mali kama mali nyingine.