Unga wa avwani: chakula kizuri, lakini si dawa ya tansio

Ndugu mfanyakazi, siku ya mshahara unaijua mwenyewe. Kabla hujafika nyumbani, mfuko wako umekwisha kupata marafiki wengi. Huyu anauza saa, yule anauza viatu, na mwingine ameshika kopo lenye picha ya moyo mwekundu na masuke ya nafaka. Huyo wa kopo ana maneno matamu kuliko wenzake wote. Anasema unga wake unashusha tansio, unaponya ugonjwa wa sukari, unasafisha mapafu yaliyoingia vumbi la kazi, tena unamrudishia mwanaume nguvu zake. Kijiko kimoja asubuhi katika glasi ya maji, basi. Halafu anakukaribia na kuongeza neno moja kwa sauti ya chini: "Vile vidonge vya hospitali uviache. Havipatani na unga huu."

Ni kwa sababu ya neno hilo la mwisho tunaandika ukurasa huu. Unga wenyewe hatuna ugomvi nao.

Avwani ni nini?

Avwani ni nafaka ya nchi za baridi. Inalimwa sana Kanada, Urusi, Finlandi na Uskoti, na kwa miaka mingi ilikuwa chakula cha farasi na cha maskini. Watu wa huko wanaipika uji asubuhi kama vile sisi tunavyopika uji wa mahindi. Vitabu vingine vya Kiswahili vinaiita shayiri, lakini shayiri ni nafaka nyingine, ile ambayo watengenezaji wa bia wanaitumia. Kwenye kopo utaona imeandikwa kwa Kifaransa *farine d'avoine*, maana yake unga wa avwani, au *son d'avoine*, yaani pumba zake. Hayo maneno mawili uyashike vizuri, tutayarudia.

Kwa chakula, avwani ni nzuri. Ina protini nyingi kuliko unga mweupe wa mahindi tunaopikia bukari, na ina nyuzinyuzi nyingi. Katika nyuzinyuzi hizo kuna aina moja inayoitwa betaglukani. Ikikutana na maji inakuwa na utelezi, kama gombo inavyoteleza sufuriani. Utelezi huo ndio wenye kazi. Unaposhuka tumboni, unaizuia nyongo isirudi yote mwilini. Sehemu yake inatoka pamoja na choo. Ini, likiona nyongo imepungua, linatengeneza nyingine, na ili kuitengeneza linachukua kolesteroli kutoka katika damu. Kolesteroli ni yale mafuta ambayo, yakizidi miaka mingi, yanaziba mishipa ya moyo na ya ubongo.

Waganga wamepima nini?

Hapa muuzaji hasemi uongo wote, na ndiyo maana uongo wake unaingia kirahisi. Mwaka 1963 waganga wa Uholanzi waliwapa wanaume mkate uliotiwa avwani, gramu 140 kila siku kwa majuma matatu. Kolesteroli yao ilishuka karibu sehemu moja katika kumi. Habari hiyo ilikaa bila kelele, kisha miaka ya 1980 Wamarekani waliipenda mno, hata pumba za avwani zikatiwa katika kila kitu madukani. Mwaka 1990 waganga wengine wa Marekani walipima tena kwa watu 20 wenye afya na kusema hawakuona tofauti kubwa kati ya avwani na unga wa ngano. Watu wakakata tamaa kwa haraka ile ile waliyoshangilia nayo.

Ukweli ulipatikana kidogo kidogo, kwa kupima tena na tena. Mwaka 1997 ofisi ya serikali ya Marekani inayosimamia vyakula na madawa iliruhusu viwanda kuandika kwamba avwani inaweza kusaidia kupunguza hatari ya ugonjwa wa moyo. Umoja wa Ulaya nao ulikubali mwaka 2011 kwamba betaglukani ya avwani inapunguza kolesteroli. Lakini wote wawili waliweka kipimo: gramu 3 za betaglukani kwa siku, kila siku. Mwaka 2014 wataalamu walikusanya majaribio 28 na kuyahesabu pamoja. Kwa wale waliofikisha hizo gramu 3, kolesteroli mbaya ilishuka kwa kiasi ambacho, kwenye karatasi ya labo zetu, ni kama 10. Kama ilikuwa 160, sasa itakuwa 150 hivi.

Hiyo ni faida, ndugu, hatuidharau. Ila ukiiangalia vizuri ni faida ndogo, na ni ya kolesteroli. Kwa tansio, majaribio hayakubaliani, na pale ambapo kitu kimeonekana ni kidogo. Kwa sukari, uji mzito wa avwani unaweza kupunguza ule mpando wa sukari unaokuja baada ya kula, kama betaglukani iliyomo inatosha. Ugonjwa wenyewe hauondoki. Tena kuna jambo ambalo muuzaji wa unga hawezi kupenda ulijue: avwani iliyosagwa laini sana inapandisha sukari haraka kuliko ile ya vipande vikubwa. Na kama kiwandani wameikoroga na kuichemsha mpaka betaglukani imekatikakatika, utelezi unapungua na faida inapungua pamoja nao.

Tupige hesabu

Sasa twende kwenye kopo. Katika gramu 100 za unga wa kawaida wa avwani, betaglukani ni karibu gramu 4. Ili ufikishe gramu 3, unahitaji kama gramu 75 za unga kila siku. Kijiko kikubwa kinachukua gramu 7 au 8. Hivyo ni vijiko kumi. Muuzaji alikuambia kimoja.

Na vile vidonge vya kapsuli? Kapsuli ya miligramu 500 iliyojazwa unga wa avwani ina betaglukani miligramu 20 tu. Ukitaka gramu 3, utameza kapsuli 150 kwa siku moja. Ukimaliza kazi hiyo hutakuwa na nafasi ya bukari. Ziko kapsuli nyingine ambazo zimetiwa betaglukani iliyotolewa katika nafaka na kukusanywa; hizo zinaweza kutosha kwa idadi ndogo, lakini bei yake ni kubwa, na lazima kiasi kiwe kimeandikwa wazi. Kama haikuandikwa ni gramu ngapi za betaglukani, ujue umenunua uji mkavu kwa bei ya dawa.

Labda utauliza: basi kwa nini viwanda vinatia unga huo katika kapsuli? Mara nyingi ni wa kujazia tu. Dawa au jani lenyewe ni dogo, kapsuli ni kubwa, na nafasi iliyobaki inajazwa kwa kitu cha bei ndogo kisichodhuru wengi: unga wa mchele, wa mahindi, wa avwani. Kujaza si kosa kama kumeandikwa. Kosa ni pale jina la juu linaposema jani fulani na ndani mna unga peke yake. Mwaka 2015 mwanasheria mkuu wa jimbo la New York alipimisha vidonge vya majani vilivyouzwa na maduka manne makubwa, na akatangaza kwamba katika vingi havikuonekana alama za jani lililoandikwa. Zilionekana za mchele, ngano na mimea mingine. Wataalamu wengine walibishana naye juu ya njia ya kupima. Lakini jambo moja halikubishwa: tangu sheria ya mwaka 1994, huko Marekani kwenyewe muuzaji wa vidonge kama hivyo halazimiki kuonyesha kwanza kwamba vinaponya. Kwa hiyo mtu akikuambia "kimetoka Amerika", amekuambia kilikotoka, basi.

Mama anayesoma ukurasa huu pamoja na baba, hapa tunakuomba usikilize zaidi. Vile vinavyouzwa kwa jina la nguvu za kiume ni vibaya kuliko vyote. Ile ofisi ya Marekani imekamata mara nyingi bidhaa zinazoitwa za asili ambazo ndani yake imefichwa sildenafili, dawa ya hospitali yenye nguvu. Mwenye ugonjwa wa moyo anayemeza dawa za aina ya nitrati, akichanganya na hiyo bila kujua, tansio yake inaweza kuanguka ghafla. Wafikirie walio juu ya ngazi, au nyuma ya usukani wa lori la madini.

Je, unga wenyewe unadhuru?

Kwa watu wengi, hapana. Ukianza na mwingi siku ya kwanza, tumbo litajaa hewa na utajuta ukiwa kazini, kwa hiyo anza kidogo. Usiumeze mkavu, wala usiukoroge kwa maji kidogo: unavimba na unaweza kukwama kooni. Uji uliopikwa ni salama kuliko vumbi linalomezwa. Kama una vidonge vya hospitali, mwulize muuguzi ni saa gani umeze vidonge na saa gani ule chakula chenye nyuzinyuzi nyingi.

Wako watu wachache ambao matumbo yao hayavumilii ngano. Avwani safi inawafaa wengi wao, ila inasagwa mara nyingi katika mashine ile ile ya ngano, na pakiti ya kawaida inaweza kuwadhuru. Wako pia wachache zaidi ambao avwani yenyewe inawakataa. Anayetoka vipele, anayevimba midomo au kubanwa pumzi baada ya kuila, aiache na aende dispansari siku ile ile.

Mtoto ambaye hajafika miezi sita, maziwa ya mama yanamtosha, na unga wa kopo usiingie kinywani mwake hata kama kopo lina picha ya mtoto mnene. Na kopo lililofunguliwa wakati wa mvua, likanuka uvundo au likaonyesha kuvu, litupwe. Usilipepete ili kuokoa pesa, kwani sumu ya kuvu haiondoki kwa kupepeta wala kwa kupika.

Vumbi na tansio

Hakuna chakula kinachotoa vumbi la mawe katika mapafu. Si avwani, si maziwa, ambayo wazee wengi waliyanywa baada ya kazi wakiamini yanaosha kifua. Chakula kinapita njia ya tumbo. Vumbi limepita njia ya hewa. Vumbi la silika likishakaa ndani ya mapafu linaacha kovu, na kovu halifutiki. Linazuiwa kabla ya kuingia, kwa maji wakati wa kutoboa mwamba, kwa hewa safi inayosukumwa shimoni, kwa barakoa inayokaa vizuri usoni. Yule anayekuambia kwamba kijiko cha unga kitakusafisha anakufanya uone barakoa kuwa mzigo. Tena mapafu yenye silika ni rahisi kushikwa na kifua kikuu. Mwenye kukohoa majuma mawili asinunue kopo, apimwe makohozi.

Tansio nayo ina ujanja wake: haiumi. Tuseme wewe ni dereva, unameza vidonge vya tansio tangu mwaka uliopita. Umenunua kopo, umeacha vidonge. Juma la kwanza unajisikia vizuri, juma la pili vizuri zaidi, unawasifia wenzako ule unga. Lakini ulikuwa unajisikia vizuri hata kabla, kwa sababu ugonjwa huu mara nyingi hauna maumivu. Ndani, damu imerudi kusukuma mishipa kwa nguvu ile ya zamani. Kinachokuja baadaye ni upande mmoja wa mwili kufa ganzi, mdomo kwenda upande, na familia kukimbizana usiku kutafuta gari. Ni hivyo hivyo kwa mwenye sukari: akiacha dawa, hajui kitu mpaka macho au miguu imwambie.

Ukipenda uji wa avwani na pesa iko, upike, ule pamoja na vidonge vyako. Kama pesa haiko, usisikitike. Nyuzinyuzi za namna ile yenye utelezi ziko pia katika maharagi, na katika gombo. Sahani ya maharagi, bukari ya unga usiokobolewa sana, lengalenga au sombe isiyozamishwa katika mafuta ya mawese, chumvi kidogo: chakula hicho kiko sokoni kwetu kwa bei ya franga chache, na moyo unakijua.

Na kama kopo umekwisha kulinunua, usilifiche kwa haya. Lichukue pamoja na pakiti ya vidonge vyako, uende navyo vyote viwili dispansari siku ya kupimwa tansio. Mwonyeshe muuguzi ile karatasi iliyobandikwa, asome nawe kilichoandikwa kwanza, kisha mwambie bila kuogopa ni tangu siku gani uliacha dawa. Usianze tena mwenyewe kwa kumeza vidonge viwili au vitatu pamoja ili kufidia siku zilizopita. Yeye atapima kwanza, halafu atakuambia uanze na kipi.