Stampu Zilizosaidia Kuokoa Hekalu

Msomaji, utazame stampu kabla ya kutupa bahasha. Stampu huonyesha kuwa barua imelipiwa, lakini picha yake nayo huchukua habari.

Huko Abu Simbel, nchini Misri, liko hekalu lililochongwa mwambani zamani za Mfalme Ramesses wa Pili, yapata miaka 3,200 iliyopita. Mlangoni mna sanamu nne, kila moja kama mita 20.

Mwaka 1960 Misri ilianza kujenga bwawa kubwa la Aswan, ili wakulima wapate maji ya mto Nile mwaka mzima. Mto huo hupokea pia maji ya Ziwa Victoria letu. Je, mkulima akose maji, au hekalu lizame?

UNESCO iliomba msaada duniani. Nchi nyingi zilitoa stampu zenye picha za mahekalu hayo. Mwaka 1964 nchi kadhaa za Afrika ziliziuza kwa bei iliyozidi ada ya posta, ziada ikawa mchango.

Kati ya 1964 na 1968 hekalu lilikatwa vipande, likajengwa tena juu zaidi, mita 65 hivi. Wakulima walipata maji, na hekalu lingaliko.

Basi ukipata stampu ngeni, mwonyeshe mtoto wako. Ni somo dogo la bure.