Chuma cha Wahaya na Maji Yenye Sumu

Mbale ya chuma na kutu ni ndugu: zote ni chuma kilichoshikamana na oksijeni. Hilo mafundi wa Buhaya walilifanyia kazi kwa karne nyingi. Katuruka, na Kemondo kwenye njia ya kutoka Bukoba kwenda Muleba, mwanaakiolojia Peter Schmidt alifukua mabaki ya matanuri yao. Katika miaka ya 1970 wazee waliokuwa wakiikumbuka kazi hiyo walijenga tanuri upya: shimo lililojazwa matete ya bwawani yaliyochomwa, juu yake mkaa na mbale, pembeni mivukuto. Schmidt na mwenzake Donald Avery waliyaeleza hayo katika jarida la Science mwaka 1978.

Moto ule ulikuwa ukiinyang'anya mbale oksijeni na kuirudishia elektroni zake. Chuma kilichopatikana hakitulii. Kikikutana na maji, kinaanza kuzitoa elektroni hizo na kurudi kuwa kutu.

Tabia hiyo, inayotuharibia mabati na majembe, ndiyo inayosafisha maji ya ardhini. Trikloroethilini, kiyeyusho cha kuondolea grisi kwenye vyuma, husababisha saratani ya figo. Ni nzito kuliko maji, kwa hiyo ikimwagika huzama hadi chini kabisa ya tabaka la maji na kukaa huko miaka mingi, ikiyeyuka kidogo kidogo. Marekani inaruhusu mikrogramu 5 tu katika lita moja ya maji ya kunywa. Kwa kipimo hicho, lita moja ya kiyeyusho inatosha kuchafua karibu lita milioni 290.

Chembe za chuma zikiwekwa kwenye njia ya maji hayo, kiyeyusho hupokea elektroni na kuachia klorini yake, kikabaki hasa ethini na ethani. Mwaka 1991 Robert Gillham na wenzake wa Chuo Kikuu cha Waterloo walizika ukuta wa mchanga na chuma huko Borden, Kanada. Chuma kilikuwa asilimia 22 ya uzito. Maji yalipita yenyewe, bila pampu, na takriban asilimia 90 ya trikloroethilini ikatoweka. Baadaye Wei-xian Zhang wa Chuo Kikuu cha Lehigh alitengeneza chembe za ukubwa wa nanomita, zinazoweza kusukumwa kisimani. Hizo hufanya kazi haraka, lakini hugandamana na kuisha mapema. Mimi ningechagua ukuta.

Ukuta wenyewe lazima uwe mnene vya kutosha. Maji yakipita upesi mno, kazi huishia njiani na kuacha vinili kloridi, ambayo nayo husababisha saratani.

Kwa hiyo anayepima kisima kilicho jirani na gereji, iwe Bukoba mjini au Muleba, aulize kwanza kilichomwagika ni nini. Petroli haina klorini, wala haizami. Huelea juu ya maji. Chuma hakina cha kung'oa humo. Petroli yahitaji oksijeni, ili bakteria waliomo udongoni waweze kuila.