Habeas corpus: Mleteni tumwone (3)

Vijana walioikosoa serikali ya Kenya walipotekwa Desemba 2024, mawakili walikimbilia Mahakama Kuu kuomba habeas corpus. Wapo waliodhani ni ombi la kuachiwa huru. La. Amri hii humbana aliyemshika mtu: mlete mbele ya jaji, useme unamshikilia kwa sheria gani. Kuachiwa huja baadaye, jibu likiwa bovu.

Tuliishia Magna Carta, kwa hiyo turukie 1679, Bunge la Uingereza lilipoitia meno amri hii. Mkuu wa gereza alipewa siku 3 kumfikisha mfungwa akiwa ndani ya maili 20, siku 10 hadi maili 100, na 20 zaidi ya hapo. Akikaidi, faini pauni 100. Jaji akikataa kutoa amri wakati wa likizo ya mahakama, pauni 500. Naam, jaji! Waliotunga sheria ile walijua joho halimfanyi mtu malaika.

Lakini kisa ninachokipenda ni cha James Somerset, mtumwa aliyeletwa London na bwana wake, Charles Stewart, akatoroka 1771. Alikamatwa, akatiwa minyororo ndani ya meli Ann and Mary, akauzwe Jamaika. Wasimamizi wake watatu wa ubatizo wakaenda kwa Jaji Mkuu Mansfield. Amri ikamfikia nahodha John Knowles, naye akamleta Somerset mahakamani na maelezo yake: ninaye, kwa sababu ni mtumwa wa Stewart. Mawakili wakabishana miezi kadhaa. Tarehe 22 Juni 1772 Mansfield akaamua kuwa sheria ya Uingereza haimruhusu bwana kumtoa mtumwa nchini kwa nguvu. Somerset akaondoka huru. (Wanaodai hukumu ile ilifuta utumwa wanatia chumvi, makoloni yalisubiri hadi miaka ya 1830.)

Mtazame nahodha yule. Kazi aliyotumwa ilikuwa dhuluma tupu, lakini alipoulizwa alijibu, “Ninaye.” Watekaji wa leo hata uungwana huo mdogo hawana.

Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 25, imeiweka haki hii kati ya nne zisizopunguzwa kamwe. Kwa Tanzania, imo katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Polisi wa Kenya walikana kuwashikilia vijana wale. Januari 2025 kadhaa wakaachwa sehemu mbalimbali, bila kupitishwa kwa jaji.

Wiki ijayo: afisa akijibu “hatunaye”, mzigo wa kuthibitisha ni wa nani?