Kulitoa Gurudumu la Nyuma ni Rahisi, Kazi ni Kulirudisha

Pikipiki ya kazi mjini Voi huweza kukanyaga kila aina ya njia kabla ya saa sita mchana: lami ya Mwatate iliyochomwa na jua, changarawe ya kutoka Maungu kwenda Kasighau, halafu mlima wa Sagalla ambako gia ya kwanza hulia tangu chini hadi juu. Ongeza miiba ya migunga kando ya njia. Mzigo wote huo huliangukia tairi la nyuma. Ndilo linalosukuma, ndilo linalobeba abiria na magunia, na ndilo linaloisha kwanza. Utaona katikati limekuwa bapa huku mashavu yakiwa bado na meno.

Mafundi wa pancha wako kila mahali, na bei yao si ya kulalamikia. Ila fundi hufunga jioni, na mwenye pikipiki ya mkopo akilaza chombo siku nzima, deni halilali naye. Kuna sababu nyingine pia. Anayebadilisha tairi kando ya barabara huku wateja wawili wakimsubiri hana muda wa kutazama kilichomo ndani ya hab. Wewe nyumbani, chini ya mwarobaini, unao.

Anza kwa kulihakiki tairi jipya. Namba zilizo ubavuni ndizo za kuaminiwa, si maneno ya muuzaji. 3.00-18 haiingii kwenye rimu ya 3.00-17, kwa sababu namba ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Kisha lianike. Jua la Voi hulainisha mpira bure, na tairi lililolainika huingia kwenye rimu bila vita. Jamaa wa Wundanyi kwenye ukungu itabidi watumie nguvu zaidi, poleni.

Simamisha pikipiki kwa stendi ya katikati, mahali pagumu, na utandaze gunia la mkonge chini, kwa kuwa nati ikidondoka kwenye mchanga mwekundu umeipoteza. Fungua nati ya kurekebishia breki nyuma ya kile kifimbo kirefu, ukitoe kifimbo, kisha papo hapo urudishie springi, pini na nati yake kwenye kifimbo hichohicho. Ni sekunde chache tu, nazo zitakuokoa na msako wa usiku kwa mwanga wa simu.

Kinafuata kipande ambacho wengi hukidharau: chuma bapa kinachounganisha kifuniko cha breki na uma wa nyuma. Kinaonekana kama nyongeza tu. Kazi yake ni kukizuia kifuniko kisizunguke pamoja na gurudumu unapokanyaga breki. Usipokifunga, pikipiki itawaka, itaondoka, itakwenda vizuri kabisa kwenye tambarare. Siku utakayoteremka Sagalla na mama amekaa nyuma, ukabana breki, kifuniko chote kitajizungusha, kifimbo kitapinda au kukatika, na gurudumu linaweza kujifunga ghafla. Bolti ya chuma hicho huwa na kotapini. Weka mpya. Tabia ya kuchomeka msumari au kuzungushia waya ni ya kuachwa, hata kama umeiona kwenye pikipiki kumi.

Upande wa cheni, pikipiki kadhaa za Kihindi, Boxer ikiwa mojawapo, zina nati mbili: ya nje inayoshika ekseli, na kubwa ya ndani inayoshika sproketi. Legeza ya nje pekee. Ekseli ikichomoka na bushi yake ikaanguka, gurudumu huvutwa kando na kutoka, sproketi na cheni zikibaki zilipo. Kwenye aina nyingine sproketi hutoka na gurudumu, hivyo itakubidi uishushe cheni. Panga vipande juu ya gunia kwa mfuatano uleule vilivyotoka.

Sasa tazama ndani. Utakuta vumbi jekundu limechanganyika na grisi hadi likawa kama ugali wa wimbi. Lipanguse kwa kitambaa kibichi. Usilipulize, kwani unga wa breki haufai kwa mapafu. Gusa zile raba zinazopokea mshtuko wa cheni: zikiwa zimekatika, ndizo zinazoifanya pikipiki irukeruke unapovuta mafuta. Zungusha bearingi kwa kidole, na ikikwaruza, ibadilishe leo.

Kwenye kubandua tairi, wengi hutumia misuli mahali panapohitaji ujanja. Katikati ya rimu kuna bonde. Toa upepo wote, kanyaga ukingo wa tairi uingie bondeni upande ulio mkabala na valvu, kisha anza kubandua karibu na valvu, kidogo kidogo. Usipoutumbukiza ukingo huo bondeni, utapinda chuma chako cha kubandulia na utachana tyubu. Pitisha kitambaa ndani ya tairi ikiwa unalirudisha la zamani, maana ncha ya mwiba huvunjikia humo na kungoja tyubu mpya. Kwenye rimu ya spoksi, hakikisha ule mkanda wa mpira unaofunika vichwa vya spoksi upo. Ukikosekana, kata wa tyubu kuukuu.

Jaza tyubu mpya upepo kidogo tu ipate umbo, isije ikabanwa na chuma. Paka ukingo maji ya sabuni, fuata mshale wa mwelekeo, na umalizie kwenye valvu.

Unaporudisha gurudumu, alama za kukazia cheni lazima zilingane kulia na kushoto, la sivyo gurudumu litakaa upande na cheni itakula sproketi. Cheni icheze kiasi cha sentimita mbili hadi tatu katikati, nayo ipimwe mahali ilipokaza zaidi. Kaza ekseli, funga chuma cha breki, rekebisha breki, zungusha gurudumu kwa mkono usikilize.

Safari ya kwanza isiwe ya abiria. Nenda peke yako hadi Mwakingali, funga breki mara kadhaa ukiwa polepole, urudi, ushike spana tena na kuijaribu nati ya ekseli.