Maradhi ya Akili Nyanda za Juu Kusini: Kwa Nini Tiba Iwe Karibu na Nyumbani

Mtu akivunjika mguu huko Mbalizi au Ilula, majirani hawana shaka la kufanya: humfunga gango, kisha humpeleka hospitali. Lakini kijana akianza kuzungumza peke yake, akakataa chakula kwa kuogopa sumu, na kusema kwamba anasikia sauti za watu wasioonekana, jamaa zake hubaki wakihangaika. Wengine husema amerogwa, wengine husingizia bangi, na wengine humfungia chumbani kwa aibu. Kadiri siku zinavyopita bila matibabu, ndivyo kazi ya kumponya inavyozidi kuwa ngumu.

Madhumuni ya makala hii ni kueleza kwa nini tiba ya maradhi hayo hufaulu zaidi inapopatikana karibu na nyumbani kwa mgonjwa. Jambo hili lawahusu hasa wanafunzi wa sekondari, kwani skizofrenia, ugonjwa wenye dalili tulizozitaja, mara nyingi huanza kati ya umri wa miaka 15 na 30.

Safari ya Dodoma

Kwa miaka mingi mgonjwa wa akili aliyezidiwa huko Mbeya au Iringa alipelekwa Dodoma, katika Hospitali ya Mirembe iliyoanzishwa mwaka 1927. Kutoka Mbeya mjini hadi Dodoma, kwa njia ya Iringa na Mtera, ni zaidi ya kilomita 500. Mirembe, ambayo leo ni Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili, imewaokoa wengi. Hata hivyo, umbali una gharama yake. Mgonjwa aliyepata nafuu alirudi kijijini na vidonge vya muda mfupi. Vilipokwisha, familia ilipaswa kuuza mahindi au mbuzi ili kupata nauli. Iliposhindwa, ugonjwa ulirudi, na safari ikaanza upya.

Dawa hufanyaje kazi?

Ili kuelewa ubaya wa kukatiza dawa, hatuna budi kutazama ubongo wenyewe. Chembe za neva hupashana habari kwa kutumia kemikali, na mojawapo ya kemikali hizo huitwa dopamini. Ushahidi mwingi waonyesha kwamba katika skizofrenia dopamini hufanya kazi kupita kiasi katika sehemu fulani za ubongo. Mwaka 1952 madaktari Jean Delay na Pierre Deniker, mjini Paris, walionyesha kwamba dawa ya klopromazini huwatuliza wagonjwa na kupunguza dalili zao. Haloperidoli ilitengenezwa nchini Ubelgiji mwaka 1958. Dawa hizi huziba mahali ambapo dopamini hujishikiza kwenye chembe.

Ni muhimu kuzingatia kwamba dawa hizi huzuia dalili, lakini haziung'oi ugonjwa. Zinafanana na dawa za shinikizo la damu: mgonjwa akiziacha, hali ya zamani yaweza kurejea, hata kama kwa miezi kadhaa alionekana mzima.

Kuna ugunduzi mmoja uliorahisisha kazi hii. Dawa iitwayo flufenazini dekanoati huyeyushwa katika mafuta ya ufuta na kudungwa ndani ya msuli. Kutoka katika mafuta hayo dawa huingia katika damu polepole, kwa muda wa wiki mbili hadi nne au zaidi. Hivyo sindano moja huchukua nafasi ya vidonge vya kila siku. Muuguzi wa zahanati aliyefunzwa aweza kuidunga, mradi ajue pia kutambua madhara yake, kama vile kukakamaa kwa misuli na kutetemeka.

Kifafa

Kifafa ni ugonjwa wa ubongo ambao nchini mwetu mara nyingi hutibiwa katika kliniki za afya ya akili. Karibu mwaka 1960, daktari kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge, ng'ambo ya bonde la Kilombero. Aliwakuta wagonjwa wakitengwa kwa sababu watu waliamini kwamba mate yao huambukiza, na wengine walikuwa na makovu kwa kuanguka motoni. Kwa dawa ya bei nafuu, fenobabitoni, wengi wao walipata nafuu. Lakini dawa hii nayo haikubali kukatizwa: ikiachwa ghafla, mgonjwa aweza kupata degedege mfululizo na hata kufa. Zahanati ikikosa dawa hii, maisha ya mtu yamo hatarini.

Kifafa kingine chaweza kuzuiwa. Uchunguzi uliofanywa Mbeya Vijijini na Mbozi umethibitisha kuwapo kwa tegu wa nguruwe. Mtu akimeza mayai ya tegu huyo kwa mikono michafu, viluwiluwi vyake vyaweza kukaa katika ubongo na kuleta kifafa. Choo bora, kunawa mikono, na kuwafuga nguruwe bandani ni kinga.

Jamaa wa mgonjwa

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mtaalamu wa Kimarekani, Robert Edgerton, aliwauliza Wahehe wa Iringa na makabila mengine matatu ya Afrika Mashariki jinsi wanavyomtambua mwenye wazimu. Matokeo aliyoyatoa mwaka 1966 yalionyesha kwamba dalili walizozitaja zililingana sana na zile zinazojulikana na madaktari. Tofauti kubwa ilikuwa juu ya asili ya ugonjwa: Wahehe wengi waliuhusisha na uchawi. Hapa pana funzo. Wananchi huuona ugonjwa mapema. Linalochelewesha tiba ni mahali wanapokwenda kwanza.

Kwa hiyo elimu ya jamaa ni sehemu ya tiba. Utafiti katika nchi nyingi umeonyesha kwamba familia ikifundishwa kuhusu ugonjwa, mgonjwa harudiwi na dalili mara kwa mara. Mwishoni mwa miaka ya 2010 jambo hili lilijaribiwa katika kliniki za Dar es Salaam na Mbeya, katika utafiti ulioitwa KUPAA, yaani Kuwezeshana Kupata Uzima. Mgonjwa na jamaa yake walijifunza pamoja katika vikundi.

Mafiga matatu

Wahenga walisema: figa moja haliinjiki chungu. Huduma ya afya ya akili nayo yasimama juu ya mafiga matatu: dawa isiyokatika, mhudumu aliyefunzwa, na jamaa wanaoelewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na Denmark, ilianza katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro mpango wa kuingiza tiba hii katika zahanati na vituo vya afya. Ilionekana kwamba wahudumu wa kawaida, wakifunzwa na kutembelewa na wakubwa wao, wanaimudu kazi hiyo. Hospitali za rufaa za Mbeya na Iringa zibaki kwa wagonjwa waliozidiwa na kwa kuwaongoza wahudumu hao, lakini sindano ya kila mwezi itolewe mtaani na kijijini.

Walimu na wanafunzi nao wana wajibu. Chama cha sayansi cha shule chaweza kuitembelea zahanati ya jirani na kuuliza: je, fenobabitoni ipo leo? Nani amefunzwa kuhudumia wagonjwa wa akili? Mgonjwa asipofika siku yake, nani humfuata nyumbani? Na mwanafunzi mwenzenu akibadilika ghafla, akajitenga, akashuku kila mtu au akasema hataki kuishi, msimcheke wala msimfiche. Mwambieni mwalimu siku hiyo hiyo, naye awaite wazazi wampeleke hospitali. Mguu uliovunjika haungojei muhula uishe; akili nayo isingoje.